Sahani za Nairobi, Nyimbo za Morogoro

Vijana wa leo wa Mafiga, hapa Morogoro, ukiwatajia bendi ya Cuban Marimba watakuuliza hao ni wa nchi gani. Kosa si lao. Nimekulia mtaa huu, nimeuona mji ukipanuka mpaka Kihonda na Mazimbu zikaungana nasi, na katika kupanuka kote huko sijaona mahali ambapo mtoto anaweza kuingia akakuta picha ya Salum Abdallah ukutani, au gitaa la Mbaraka Mwinshehe ndani ya kabati la kioo. Mji uliowahi kuichezesha Afrika Mashariki nzima haujajitengea hata chumba kimoja cha kumbukumbu. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana naandika.

Salum Abdallah Yazidu, ambaye mashabiki walimfupisha wakamwita SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba mwenye asili ya Kiarabu na mama Mluguru. Mwaka huohuo Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi, na sahani zake zikauzwa pwani yote, watu wakasikia kwa mara ya kwanza Kiswahili chao kikitoka ndani ya gramafoni. Kabla ya hapo santuri ilikuwa mali ya lugha za wengine. Kwa hiyo SAY alizaliwa pamoja na wimbo wa Kiswahili unaonunuliwa dukani, ingawa yeye alivutwa na mengine.

Alivutwa na Cuba. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikisambaza Afrika sahani za muziki wa Kikuba zilizojulikana kwa herufi zake, GV. Miongoni mwake ulikuwamo El Manisero wa Don Azpiazu, uliorekodiwa New York mwaka 1930 ukazunguka dunia. Sahani hizo ziliteremshwa bandarini, zikapanda treni ya reli ya kati, zikashuka Morogoro pamoja na mabelo ya nguo. Wazee wetu walikuwa wakisimulia kwamba Salum, akiwa kijana, alitoroka nyumbani akafika hadi Mombasa kutafuta meli ya kumpeleka Cuba. Meli hakuipata. Akarudi chini ya milima ya Uluguru, akaanzisha kundi akaliita La Paloma, ambalo baadaye likawa Cuban Marimba Band. Cuba aliyoikosa akaijenga hapa hapa, kwa Kiswahili.

Wenzetu wa nje walikuwa na namna yao ya kujua wimbo gani umevuma. Jarida la Billboard la Marekani lilianza kuchapisha orodha ya rekodi zinazouzwa sana mwaka 1940, Waingereza wakafuata na yao mwaka 1952, na Agosti 1958 Billboard wakaanzisha orodha ya nyimbo 100 ambayo mpaka leo wasanii wa dunia wanaikimbilia. Sisi hatukuwa na orodha. Hakuna aliyehesabu Cuban Marimba wameuza sahani ngapi Morogoro, ngapi Tanga, ngapi Mombasa. Lakini kila mtu alijua. Fundi baiskeli akiupiga mluzi wimbo Jumatatu asubuhi huku akiziba pancha, ulijua ndio uliopigwa ukumbini Jumamosi. Ukimsikia mama muuza mboga kutoka Mgeta, ambaye hajakanyaga ukumbi wa dansi maisha yake yote, anauimba sokoni huku akipanga mafungu ya karoti, basi wimbo huo umeshashinda na hakuna wa kuubishia.

Kipimo kingine kilikuwa kadi za salamu. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilikuwa redio pekee ya Bara, na msikilizaji aliyetaka wimbo wake upigwe alinunua kadi, akaijaza kwa mwandiko wa kubanana: jina lake, mahali alipo, majina ya anaowasalimu kuanzia baba mkwe hadi wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mwisho wimbo anaouomba. Kadi ilipelekwa posta. Baada ya hapo ni kusubiri, wiki hata miezi, kila jioni sikio kwenye redio ya National iliyofungwa kwa raba ili kifuniko cha betri kisidondoke. Siku jina likitajwa, mtaa mzima ulikuja kukupongeza. Wimbo ulioombwa na watu wengi waliokubali kusubiri namna hiyo ulikuwa umepita mtihani mkubwa kuliko mitihani mingi ninayoiona siku hizi.

Sahani zenyewe niliziona kwa mjomba. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na gramafoni ya betri aliyoiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, mahali ambapo watoto hatukuruhusiwa kufika bila kuitwa. Akiniita nilikuwa nanawa mikono kwanza.

"Mpwa wangu," alikuwa akisema, "shika pembeni. Kidole chako kikigusa mistari, umemkwaruza Mbaraka sauti."

Nilikuwa nashika pembeni. Ilikuwa sahani ndogo, nyeusi, na katikati karatasi ya duara yenye jina la kampuni, jina la bendi na jina la wimbo. Chini ya jina la wimbo palikuwa na maelezo kwamba huu ni upande wa kwanza, na ukiigeuza unakuta jina lilelile na upande wa pili. Upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu au nne, na bendi zetu hazikujua kupiga wimbo wa dakika tatu. Basi wimbo ulikatwa. Upande wa kwanza waimbaji walisimulia kisa chao kwa utulivu, na pale magitaa yalipoanza kuchangamka, sindano ilifika mwisho, ikabaki inakwaruza karatasi. Waliokuwa wakicheza sebuleni kwa mjomba walisimama walivyo, mikono ikiwa bado hewani, shemeji na shemeji wakitazamana, mpaka mjomba aigeuze sahani na kuirudisha sindano. Hapo ndipo chemko lilipoingia, gitaa la solo likapaa, saksafoni ikajibu, na vumbi la sakafu likaanza kunyanyuka. Mpaka leo nikisikiliza nyimbo hizo kwenye simu, zikiwa zimeunganishwa bila kukatwa, bado nasubiri kile kimya cha katikati.

Novemba 19, 1965, SAY alifariki kwa ajali ya gari. Hakuwa amefikisha miaka 40. Mimi wakati huo sikuwa na akili ya kukumbuka, lakini nilikua nikiwasikia watu wazima wakiutaja msiba ule kwa sauti ya chini. Kuna wimbo wake mmoja ambao tarehe zake hunifanya niusikilize kwa namna ya peke yake, ule wa kuwasifu wanawake wa Tanzania. Jina la Tanzania lilizaliwa Oktoba 1964. Aliyeuimba akazikwa Novemba ya mwaka uliofuata. Nchi ilikuwa haijazoea hata kulitamka jina lake jipya, na mtu wa Morogoro alikuwa ameshaliingiza kwenye dansi. Sherehe za kina mama zimeendelea kuutumia wimbo huo miaka yote, na wengi wanaoucheza hawajui ulitoka wapi.

Katika miaka hiyohiyo kijana aliyeacha shule alikuwa akiingia Morogoro Jazz Band. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1944, na kijana mwenyewe, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, alizaliwa mwaka huohuo wa 1944, kana kwamba walikuwa wameahidiana. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja, jambo ambalo hata leo ni adimu. Cuban Marimba ikachukuliwa na Juma Kilaza, Morogoro Jazz ikawa na Mbaraka, na mji huu mdogo wa mkonge na reli ukawa na bendi mbili ambazo kila moja ingetosha kuwa fahari ya jiji.

Ushindani wao uligawa familia. Kwetu baba alikuwa Cuban Marimba, mjomba Morogoro Jazz, na mama alipoulizwa alisema yeye ni wa atakayemnunulia kitenge. Watu walivuka mji mzima kwa miguu kwenda kusikiliza wimbo mpya wa upande wa pili ili wapate la kusema kesho yake. Bendi zilijua zinasikilizwa na wajuzi, basi zilijibidiisha. Kila bendi nchini ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na jina hilo lilikuwa bendera: Western Jazz na Saboso yao, NUTA na Msondo, Morogoro Jazz na Sululu. Mtu alisikia mapigo mawili matatu ya gitaa akakwambia hawa ni wa wapi. Tanga walikuwa na sauti yao, Tabora na yao, Morogoro na yetu. Hili ndilo ninalolililia kuliko yote. Wimbo ulikuwa na kwao.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani. Maonyesho ya dunia, Expo 70, yalifanyika Osaka kuanzia Machi hadi Septemba, na watu wapatao milioni 64 walipita milangoni mwake. Serikali ilipofikiri nani akaipigie Tanzania muziki mbele ya dunia, ilichagua bendi kutoka kwetu. Tafakari maana yake. Dar es Salaam kulikuwa na bendi nyingi, zenye vyombo na wakubwa wa kuzisemea, lakini walioitwa ni wale waliokuwa wakipiga dansi Morogoro Jumamosi. Waliporudi, Mbaraka alitunga wimbo wa safari hiyo, na sisi watoto tukaanza kucheza mchezo wa kwenda Osaka kwa kupanda juu ya magogo. Jina la Osaka nililijua kabla sijajua Mwanza iko upande gani.

Nyimbo zake zilikuwa pia gazeti. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa Ismani na mkulima mmoja katika mgogoro wa mashamba wa wakati ule wa vijiji vya ujamaa. Nchi ilishtuka. Mbaraka akatunga wimbo wa maombolezo wenye jina la marehemu, na watu ambao gazeti haliwafikii walilijua tukio kwa wimbo huo. Nimewahi kukutana na wazee wasiojua kusoma ambao wanakumbuka jina la Dk. Kleruu vizuri kabisa, na ukiwauliza wamelijuaje wanakwambia, Mbaraka alisema. Leo mwanasiasa akifa tunapata taarifa kwa sekunde, na baada ya wiki tumeshasahau. Sijui nani katika waimbaji wetu wa sasa anayejiona ana wajibu wa kuikumbusha nchi jambo lolote kwa miaka 50.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Mji uliugua. Watu walijadili kuondoka kwake vijiweni kwa ukali, wengine wakamwona msaliti. Mimi sasa naona alikuwa na haki. Mwanamuziki wa wakati ule hakuwa na mali katika wimbo wake. Alikwenda studio ya Radio Tanzania, wimbo ukarekodiwa kwenye utepe, utepe ukabaki redio, ukapigwa miaka na miaka, na yeye akarudi Morogoro na posho ambayo isingemjengea hata chumba na sebule. Santuri nazo hazikutengenezwa nchini kwetu. Zilitengenezwa Nairobi, na mauzo yalihesabiwa Nairobi. Tunapozikumbuka enzi hizo kwa utamu tukumbuke na hili: waliotutia utamu huo wengi walikufa maskini, na sisi tuliocheza hatukuwauliza wanaishije. Anayesema zamani kila kitu kilikuwa bora hakuwa mpiga besi.

Kisha mpaka ukafungwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Kwa mpenzi wa muziki wa Morogoro maana yake ilikuwa ngumu sana: nyimbo za mtu wa mji wako zilikuwa zinauzwa Nairobi na Mombasa, na wewe huwezi kuzinunua ila kwa magendo. Wimbo wa Shida, uliovuma Kenya kupita kiasi, sisi Mafiga tulikuwa tukiusikia zaidi kuliko kuiona sahani yake. Mjomba aliipata baadaye kwa dereva wa lori, ikiwa imefichwa ndani ya godoro, na aliilipia bei ambayo hakuwahi kumwambia shangazi.

Januari 1979 Mbaraka alifariki Mombasa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Nchi ilikuwa vitani, majeshi yetu yakipigana na Idi Amin, redio ilikuwa ya habari za mbele na nyimbo za kuhamasisha. Katikati ya hayo taarifa ikaja. Hii naikumbuka mwenyewe: mjomba aliifunika gramafoni kwa kile kitambaa cha kufuma, na siku nyingi zikapita hajaifunua. Miaka 13 kati ya ajali ya SAY na ajali ya Mbaraka, na mji mmoja ukawa umepoteza wote wawili barabarani. Kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho, juzuu baada ya juzuu, na hizo ndizo zilizoendelea kuuzwa. Kwetu, alikotoka, hakukukusanywa kitu.

Miaka ya 1980 naipita haraka, kwani ilipita nasi haraka pia. Petroli haikuwapo, nyuzi za gitaa hazikuwapo, spika ikiungua ndiyo basi. Juma Kilaza aliendelea kupambana, akiwa na bendi ya TK Lumpopo, na heshima yake naiweka juu kwa sababu alibaki. Kaseti ikaiondoa sahani. Mazimbu, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa na shule yake ya Solomon Mahlangu, ikawa mlango mpya wa nyimbo: vijana wa pale walikuja mitaani kwetu na kaseti zao, na Weekend Special ya Brenda Fassie, iliyotoka mwaka 1983, nadhani Mafiga iliifahamu mapema kuliko mitaa mingi ya Tanzania. Tulifurahia. Lakini nikitazama nyuma naona ndipo tulipoanza kuwa mji wa kupokea nyimbo, baada ya kuwa mji wa kuzipeleka.

Redio za watu binafsi zilipoanza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, kizazi kingine kikachukua kipaza sauti. Mr II, anayeitwa Sugu, alionyesha kwamba mtoto wa Kitanzania anaweza kughani kwa Kiswahili na kaseti ikauzwa nchi nzima. Morogoro haikulala. Afande Sele, mtoto wa hapa, alitawazwa Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, na mji ukasimama barabarani kumpokea shujaa wake kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto. Akaja Belle 9 na Sumu ya Penzi, sauti laini yenye huzuni ya kweli. Akaja Stamina na mashairi yake ya kukata. Kipaji hakijawahi kupungua chini ya milima hii, na yeyote anayesema vijana hawajui kuimba hajawasikiliza. Afande Sele anapoghani kuhusu hali ya mnyonge nasikia mtu aliyekaa darasa moja na Mbaraka, ingawa hawakukutana.

Tofauti ni njia. Mbaraka alipata jina akiwa Morogoro, dunia ikamfuata hapa. Kijana wa leo, kipaji chake kikionekana, ushauri wa kwanza anaopewa na kila mtu, hata na wazazi wake, ni kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Studio ziko huko, redio kubwa ziko huko, mameneja wako huko. Hapa Mafiga kuna vijana wenye kompyuta na maiki chumbani, wanarekodi vizuri tu, lakini wimbo wao hauhesabiki kuwa wimbo mpaka upigwe na redio ya Dar. Na akishafika huko anaambiwa abadilishe mdundo ufanane na ule uliovuma mwezi uliopita, ambao nao ulifananishwa na uliovuma Lagos au Johannesburg. Ukizima jina la msanii huwezi kujua katoka Morogoro, Tanga au Kigoma.

Kipimo kimebadilika pia. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alifikisha watazamaji bilioni moja YouTube, na magazeti yakamtaja kuwa wa kwanza kati ya wanamuziki wa Afrika kusini mwa Sahara. Nampongeza kwa moyo mweupe. Mtoto wa Tandale kuzungumza na dunia kwa Kiswahili ni ushindi wa wote waliowahi kurekodi kwa lugha hii tangu Siti binti Saad, na pesa safari hii inafika mfukoni kwake, jambo ambalo SAY na Mbaraka hawakulionja. Hapo leo imeishinda jana, na ni lazima tukiri. Ninachokitilia shaka ni namba kugeuka kuwa hukumu. Wimbo unatoka Ijumaa, Jumapili tunaambiwa umetazamwa mara ngapi, Jumatano unaitwa wa zamani. Kijana wa duka la simu karibu na soko la Mafiga, anayewajazia watu nyimbo kwenye memori kadi, aliniambia wateja wake hawataji tena jina la wimbo. Wanasema, "niwekee zinazotrendi." Anawajazia mamia kwa mpigo, hawajui walichobeba, na wakirudi mwezi ujao anazifuta zote kupisha mpya.

Nilimwomba aniwekee Morogoro Jazz. Alitafuta. Zilikuwapo, tena nyingi, sauti safi kuliko nilivyowahi kuzisikia kwa mjomba. Nilipochunguza zimetoka wapi, nikakuta baadhi zilitolewa upya na Dizim, kampuni ndogo ya Ujerumani iliyochapisha sidii za Salum Abdallah na za Mbaraka kwa uangalifu, na maelezo ya historia ndani yake. Mjerumani alikwenda akatafuta, akasafisha mikwaruzo, akaandika nani alipiga nini. Nilishukuru, na nilihuzunika palepale. Tepu zetu ziko Dar es Salaam kwenye maktaba ya shirika la utangazaji, sahani zetu zilitengenezwa Nairobi, kumbukumbu zetu zimeandikwa Ulaya. Morogoro imebaki na majina vinywani mwa wazee, na wazee hao kila msimu wa mvua wanapungua.

Mjomba alifariki, na gramafoni yake ilifika kwa watoto wake ikiwa imeshakufa pia. Sahani nilizikuta uani, chini ya karai, zimepinda kwa jua. Baadhi watoto walikuwa wamezitumia kufunikia mitungi. Sikuwagombeza, kwani hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Nilizichukua zilizokuwa bado nzima. Mojawapo ni ya Cuban Marimba, na upande wa kwanza bado unasikika.

Nina ombi, na nalitoa kwa uwazi. Kwa Manispaa ya Morogoro: tunaomba chumba kimoja, hata katika maktaba ya mkoa, kiandikwe majina ya bendi mbili zilizoupa mji huu jina, kiwekwe mashine ya kusikilizia, na mtoto wa shule aingie bure. Shule za sekondari za hapa, Mafiga yenyewe ikiwamo, ziwatume wanafunzi wenye simu kwenda kuwarekodi wazee waliocheza, waliopiga na waliobeba vyombo, wakiwa bado wapo. Familia za wanamuziki hao ziulizwe kwanza, na kama kuna mapato zipewe chao, kwa sababu walishadhulumiwa mara moja.

Na kwako wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu Mafiga, Mji Mpya, Mwembesongo au kule milimani Matombo na Mgeta kuna sahani za babu, usizilaze moja juu ya nyingine wala usiziache juani. Zisimamishe kwenye boksi, mahali pakavu, uandike kwa kalamu zilikuwa za nani na alizinunua wapi. Usiziuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku chumba hicho kikifunguliwa, zitahitajika.